Kuchagua njia ya bei za uhamisho na kuitetea hadi mahakamani: mwongozo kamili

Kampuni mbili za kundi moja zinapouziana bidhaa, huduma, mkopo au haki ya kutumia nembo, bei inayoandikwa kwenye ankara, yaani bei ya uhamisho, haitokani na mvutano wa soko. Muuzaji na mnunuzi wana bosi mmoja. Ndiyo maana sheria za kodi za nchi nyingi huuliza: watu baki, wasio na uhusiano wowote, wangekubaliana bei gani katika mazingira hayo hayo? Kanuni hiyo imo katika Kifungu cha 9 cha mfano wa mkataba wa kodi wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) na ule wa Umoja wa Mataifa, na imeingia katika sheria za mataifa tajiri na maskini. Kuitaja ni rahisi. Kuitekeleza kunahitaji njia ya ukokotoaji, na hapo ndipo magomvi mengi yanapoanzia.

Mwongozo huu ni wa mhasibu, mshauri wa kodi au wakili anayetakiwa kuchagua njia leo na pengine kuitetea miaka kadhaa baadaye. Ushauri wangu mkuu ni mmoja: chagua njia ukiwa tayari unamfikiria jaji wa rufaa. Huyo mara nyingi hataruhusiwa kupiga hesabu upya. Atapima kama sheria ilifuatwa na kama uamuzi una ushahidi nyuma yake, basi.

Hatua ya 1: Eleza muamala kabla ya kutaja njia

Ripoti nyingi hutaja njia kwenye ukurasa wa kwanza, kisha hutafuta maelezo ya kuihalalisha. Mkaguzi mzoefu huliona hilo mara moja. Anza na uchambuzi wa majukumu: nani anafanya kazi gani, nani anamiliki mali gani, nani anabeba hatari gani na ana uwezo wa kuisimamia. Kisha ongeza masharti ya mkataba, sifa za bidhaa au huduma, hali ya uchumi ya soko husika na mkakati wa biashara. Hayo ndiyo mambo 5 ambayo miongozo ya OECD inayataja kuwa msingi wa ulinganisho.

Usiishie kwenye mkataba. Hoji watu wa ununuzi, mauzo na fedha, na weka kumbukumbu za mahojiano hayo zikiwa na tarehe. Mkataba ukisema kampuni tanzu haibebi hatari ya bidhaa kukosa wateja, lakini vitabu vyake vinaonyesha imefuta mzigo uliooza ghalani kwa gharama yake yenyewe, mkaguzi atafuata vitabu.

Kesi ya GlaxoSmithKline ya Kanada inaonyesha uzito wa hatua hii. Kuanzia 1990 hadi 1993 kampuni hiyo ilinunua ranitidine, kiini cha dawa ya vidonda vya tumbo, kutoka kampuni ya kundi lake kwa dola za Kanada kati ya 1,512 na 1,651 kwa kilo. Watengenezaji wa dawa zisizo na nembo walinunua kiini hicho hicho kwa dola 194 hadi 304. Mamlaka ya kodi ililinganisha bei hizo na kudai tofauti, na Mahakama ya Kodi kimsingi ikaiunga mkono. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilisema ulinganisho huo haukutosha. Ilibidi kuzingatia pia mkataba wa leseni ulioipa kampuni haki ya kuuza dawa kwa jina maarufu, kwa sababu mnunuzi baki naye angeutazama kabla ya kukubali bei. Shauri likarudishwa Mahakama ya Kodi. Bidhaa ilikuwa ile ile, lakini muamala haukuwa ule ule.

Hatua ya 2: Jua kila njia inavunjika wapi

Njia zinazotambuliwa na wengi ni 5. Sifa zao zimeandikwa kila mahali, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye udhaifu, maana huo ndio utakaoulizwa.

Ya kwanza ni njia ya bei linganifu, ambayo wakaguzi huiita CUP. Unachukua bei ya muamala wa watu baki na kuiweka kando ya bei yako. Hakuna njia iliyo wazi kuliko hii pale ulinganisho unapokuwa wa kweli, na miongozo ya OECD inasema ikitoshana nguvu na njia nyingine, yenyewe ipewe nafasi. Inafaa kwa madini, mafuta, nafaka na bidhaa nyingine zenye bei za masoko ya dunia, na kwa mikopo. Huvunjika kwa tofauti ndogo tu: ubora, wingi, sehemu ya makabidhiano, muda wa malipo, soko la rejareja au la jumla. Tofauti usiyoweza kuitafsiri kwa hesabu inatosha kuiangusha.

Njia ya bei ya kuuza tena huanzia bei anayotozwa mteja wa mwisho, kisha hutoa faida ghafi ambayo msambazaji baki angebaki nayo. Njia ya gharama na nyongeza huanzia gharama za mzalishaji au mtoa huduma, kisha huongeza faida ambayo mtu baki angeipata. Zote mbili zinasimama juu ya faida ghafi, na adui wao ni uhasibu. Kampuni moja huweka gharama za dhamana na usafirishaji ndani ya gharama za mauzo, nyingine huziweka kwenye gharama za uendeshaji. Faida ghafi zao hazilinganishiki hata kama biashara ni pacha, na taarifa za hesabu zinazochapishwa hazikupi undani wa kutosha kurekebisha.

Ndiyo sababu njia ya faida halisi ya muamala, TNMM, imekuwa kimbilio la wengi. Hupima faida ya uendeshaji dhidi ya mauzo, gharama au mali, na hivyo tofauti za kuainisha gharama hupungua nguvu. Kasoro yake ni kwamba faida ya uendeshaji huguswa na mambo mengi yasiyohusu bei: uongozi mbovu, mitambo ya zamani, kampuni kuwa changa. Pia hupima upande mmoja tu. Upande huo lazima uwe ule wenye shughuli nyepesi, usio na mali za kipekee zisizoshikika, kama nembo au hataza.

Njia ya kugawana faida ni ya pale pande zote mbili zinapoleta mchango wa kipekee, au biashara zao zimeshikana kiasi kwamba huwezi kuzipima moja moja. Tatizo lake ni ufunguo wa kugawia. Ukisema 60 kwa 40, utaulizwa kwa nini si 55 kwa 45, na jibu la "ndivyo tulivyokubaliana ndani ya kundi" halisaidii kitu.

Baadhi ya sheria huruhusu pia njia nyingine isiyo kati ya hizo, ikiwa inaleta matokeo ya watu baki. Itumie kwa tahadhari: mzigo wa kueleza kwa nini zile 5 hazikufaa utakuwa wako.

Hatua ya 3: Andika kwa nini ulikataa zile nyingine

Kabla ya 2010 miongozo ya OECD ilikuwa na mpangilio wa ngazi, na njia za kulinganisha faida zilikuwa za mwisho. Toleo la 2010 liliondoa ngazi hizo na kuweka kipimo cha njia inayofaa zaidi kwa muamala husika. Marekani ina kanuni inayofanana, ya njia bora. Hata hivyo sheria ya nchi yako huenda bado ina mpangilio wake, kwa hiyo isome kwanza. Miongozo ya kimataifa haiishindi sheria iliyotungwa na bunge.

Kinachotakiwa hapa ni ukurasa mmoja au mbili kwa kila muamala. Pima vitu 4: nguvu na udhaifu wa kila njia, ulinganifu wake na majukumu uliyoyachambua, upatikanaji wa taarifa za kuaminika, na kiwango cha ulinganisho baada ya marekebisho. Kukataa njia kwa sentensi ya "hakuna taarifa" ni kujichimbia shimo. Sema ulitafuta wapi, lini, kwa vigezo gani, na ulipata nini. Kama kampuni yako yenyewe inawauzia watu baki bidhaa hiyo hiyo, hata kidogo, lazima uieleze miamala hiyo. Mkaguzi ataiona kwenye leja, na ataanza nayo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya Unilever Kenya, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2005. Mamlaka ya mapato ililinganisha bei za mauzo kwa kampuni dada ya Uganda na bei za wateja wengine. Sheria ya wakati huo haikueleza njia za ukokotoaji, na mahakama ilikubali kwamba mlipakodi angeweza kuongozwa na miongozo ya OECD. Kenya ikaweka kanuni zake za bei za uhamisho mwaka 2006. Leo pengo la namna ile ni nadra, na hoja ya "sheria iko kimya" haina tena nguvu kama ile.

Hatua ya 4: Tafuta linganishi, kisha tengeneza wigo

Chukua mfano wa kubuni. Msambazaji ana mauzo ya 1,000. Amenunua kutoka kampuni mama kwa 800, na gharama zake za uendeshaji ni 185. Faida yake ya uendeshaji ni 15, yaani asilimia 1.5. Utafutaji umeleta kampuni linganishi, yaani kampuni huru zenye shughuli kama zake. Ukiacha robo yenye faida ndogo zaidi na robo yenye faida kubwa zaidi, faida zao ni asilimia 2.0 hadi 4.6, na huo ndio wigo; namba ya katikati ni 3.1.

Yuko nje ya wigo. Mkaguzi atataka kumpeleka katikati: faida iwe 31, nyongeza ya 16. Mlipakodi atasema inatosha kufika ukingoni: faida 20, nyongeza ya 5. Nani yuko sahihi? Inategemea sheria na ubora wa linganishi. Miongozo ya OECD inakubali kwamba nukta yoyote ndani ya wigo wenye linganishi za kuaminika sana na zinazotoshana inaweza kukidhi kanuni, lakini linganishi zikiwa na kasoro zisizorekebishika, namba ya katikati hupunguza hatari ya makosa. Kanuni za Marekani kwa kawaida hupeleka marekebisho katikati.

Sasa ongeza jambo moja: mwaka huo ghala liliungua na kuleta hasara ya 10 isiyolipwa na bima, nayo imo ndani ya zile 185. Ukiitoa, faida ni 25, asilimia 2.5, na msambazaji yuko ndani ya wigo bila kugusa bei hata kidogo. Marekebisho ya namna hii yanaweza kumaliza mgogoro mzima. Lakini yanahitaji ripoti ya tukio, barua za bima na ingizo la leja, na yawe yamefanywa kwenye jalada la mwaka huo. Yakibuniwa baada ya barua ya ukaguzi, yatatazamwa kwa jicho la kengeza.

Hifadhi orodha ya kampuni zote ulizozikataa, na sababu ya kila moja. Magomvi mengi ya TNMM ni kuhusu kampuni 3 au 4 ambazo upande mmoja unataka ziingie na mwingine unataka zitoke.

Hatua ya 5: Ukaguzi na pingamizi

Jibu kila ombi la taarifa kwa maandishi, na tunza uthibitisho wa kupokelewa. Muda wa kupinga makadirio ya kodi ni mfupi katika nchi nyingi, na zipo zinazodai ulipe sehemu ya kodi kabla pingamizi halijasikilizwa. Kesi nzuri imewahi kufa kwa kuchelewa siku chache, na hakuna njia ya ukokotoaji itakayoifufua.

Pingamizi liwe na hoja zako zote, kwa sababu baadhi ya mifumo haikuruhusu kuleta sababu mpya mbele. Tenganisha makundi 3: mamlaka imekosea sheria, imekosea mambo ya hakika, imekosea hesabu. Kesi ikipanda ngazi, la kwanza ndilo litakalobaki mkononi.

Usitegemee sana maelewano ya zamani. Coca-Cola na mamlaka ya kodi ya Marekani zilimaliza mgogoro mwaka 1996 kwa fomula: kampuni za nje zibaki na asilimia 10 ya mauzo, kisha faida inayobaki igawanywe nusu kwa nusu na kampuni mama. Makubaliano yalihusu miaka ya 1987 hadi 1995, na kampuni iliendelea kuitumia fomula hiyo. Ulipofika ukaguzi wa 2007 hadi 2009, mamlaka iliiacha na kupima faida kwa kulinganisha na kampuni huru za kujaza chupa. Mwaka 2020 Mahakama ya Kodi iliikubalia mamlaka: makubaliano hayakuwa na neno lolote kuhusu miaka iliyofuata. Ukitaka uhakika wa mbele, omba makubaliano ya awali ya bei na mamlaka ya kodi, yenye miaka na masharti yaliyoandikwa.

Hatua ya 6: Mbele ya baraza au mahakama ya kwanza

Hapa ndipo ukweli wa kesi huandikwa. Mwulize wakili wako mapema mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani. Katika nchi nyingi uko kwa mlipakodi, na mara nyingi haitoshi kuonyesha kwamba mamlaka imekosea. Unatakiwa kuonyesha namba sahihi ni ipi.

Chevron ya Australia ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Kampuni tanzu yake ya Marekani ilikopa sokoni kwa riba ya takriban asilimia 1.2, ikaikopesha kampuni ya Australia kwa dola za Australia kwa riba ya karibu asilimia 9, bila dhamana wala masharti ya kawaida ya wakopeshaji. Mlipakodi alitaka mkopaji atazamwe kana kwamba amesimama peke yake duniani. Mwaka 2017 majaji wa rufaa wa Mahakama ya Shirikisho waliona mkopaji baki wa namna hiyo angetarajiwa kutoa dhamana na kupata riba nafuu, na kwamba kampuni haikuthibitisha makadirio yamezidi.

Zambia nayo ina kesi ya Mopani Copper Mines, iliyouza shaba kwa kampuni ya kundi la Glencore. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliunga mkono mamlaka ya mapato. Bei kwa kampuni ya kundi ilikuwa chini kuliko ya wanunuzi baki, na maelezo ya mlipakodi hayakuiridhisha mahakama. Bidhaa yenye bei ya dunia haisamehi maelezo ya jumla jumla.

Shahidi mtaalamu mchague kwa uwezo wa kueleza, si kwa urefu wa wasifu wake. Mpe jaji majedwali machache yanayosomeka. Na leta shahidi wa kiwandani au wa mauzo: mchumi hawezi kuthibitisha nani aliidhinisha bei.

Hatua ya 7: Rufaa ya juu, na mpaka kati ya sheria na ukweli

Sheria nyingi zinasema rufaa ya ngazi hii ni kwa jambo la sheria tu. Tanzania, kwa mfano, rufaa ya kodi kwenda Mahakama ya Rufani ni ya masuala ya sheria pekee. Je, uchaguzi wa njia na wa linganishi ni sheria au ukweli?

India ilitoa jibu linalofaa kusomwa popote. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Karnataka, katika kesi ya Softbrands, ilisema bei iliyokubaliwa na baraza la rufaa za kodi ni suala la ukweli, na kwa kawaida mahakama kuu haitaigusa. Aprili 2023, katika shauri la SAP Labs India, Mahakama ya Juu ilikataa kulifanya hilo kuwa kanuni ya kudumu. Baraza linapaswa kufuata miongozo ya sheria na kanuni zake katika kupanga bei. Kwa hiyo mahakama kuu inaweza kuangalia, kesi kwa kesi, kama miongozo hiyo ilifuatwa, kama linganishi ziliteuliwa kwa busara ya kisheria, na kama uamuzi ni wa kupotoka, yaani usioweza kufikiwa kwa ushahidi uliokuwapo.

Mlango umefunguliwa, ila si kila mtu anapita. Tofauti iko kwenye uandishi wa sababu za rufaa. "Baraza lilikosea kuikubali kampuni X kuwa linganishi" ni malalamiko ya ukweli na yatatupwa. "Baraza liliikubali kampuni X bila kupima hatari inazobeba, kipimo ambacho kanuni inalazimisha, na bila ushahidi wowote kwenye jalada" ni jambo la sheria. Ukiandika ya pili, uwe na ukurasa wa jalada wa kuonyesha kwamba suala lile liliibuliwa chini. Jalada likiwa tupu, hata hoja kali haina pa kukanyaga.

Tazama pia Medtronic, kampuni ya Marekani ya vifaa vya tiba. Mahakama ya Kodi ilikubali mwaka 2016 njia iliyojengwa juu ya leseni moja, ile kati yake na kampuni baki ya Pacesetter. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi kwa sababu haukueleza vya kutosha kwa nini leseni hiyo inalinganishika. Mwaka 2022 Mahakama ya Kodi ikaja na njia yake yenyewe ya hatua 3, na mwaka 2025 rufaa ikautengua uamuzi huo pia na kuurudisha. Ushindi usio na uchambuzi wa ulinganisho ulioandikwa wazi ni ushindi wa muda. Ukishinda chini, soma uamuzi kwa jicho la mpinzani.

Kumbuka pia kwamba mara nyingi utakachopata juu ni kurudishwa chini. Panga bajeti na riba ya kodi ukilijua hilo.

Hatua ya 8: Usisahau nchi ya pili

Bei ikipandishwa upande mmoja bila kushushwa upande wa pili, kundi limelipa kodi mara mbili kwa faida ile ile. Kama kuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizo, omba utaratibu wa makubaliano kati ya mamlaka zao. Mifano ya OECD na Umoja wa Mataifa inatoa miaka 3 tangu taarifa ya kwanza ya hatua iliyoleta kodi isiyolingana na mkataba, ila mikataba halisi hutofautiana.

Wasilisha ombi mapema hata kama kesi inaendelea, na uombe moja kati ya hizo isimamishwe ikingoja nyingine. Sababu ni ya kiutendaji: katika nchi kadhaa mamlaka haiwezi kukubali kiasi kinachopingana na hukumu ya mahakama yake. Hukumu ikishatoka, msaada pekee unaobaki ni nchi ya pili kukubali kurekebisha upande wake. Mwisho, angalia fedha zenyewe zilipo. Faida imehamishiwa kampuni tanzu kwenye hesabu za kodi, lakini pesa bado ziko kwa kampuni mama, na baadhi ya nchi huihesabu tofauti hiyo kuwa gawio au mkopo, pamoja na kodi ya zuio au riba inayofuata.